Shemeji Yangu Hakuiuza Mechi

Nilipowaacha, mpira ulikuwa umelala kwenye nyavu zangu, na aliyeutia humo ni kapteni wangu mwenyewe, kwa kichwa safi ambacho hata ningekuwa na mikono minne nisingekizuia.

Kwa mnaoanza nami leo, karibuni kwenye balaa langu. Mimi ni golikipa wa timu ya kiwanda cha magodoro. Ndiyo, magodoro. Tukifungwa, mashabiki wa wenzetu wanatuimbia twende tukalale, na tumeshazoea. Mimi wananiita Redio, kwa sababu tangu filimbi ya kwanza mpaka ya mwisho sinyamazi. Wapo wanaodhani ni woga. Wapo wanaosema nimezaliwa na domo. Wacha waseme.

Kapteni wetu ni beki wa kati, wanamwita Kisiki kwa sababu ukimgonga unaumia wewe. Amemwoa dada yangu mdogo. Mimi namwita shemeji, yeye ananiita shemeji, na tumecheza pamoja tangu hatujaota ndevu.

Siri yenyewe, ile niliyowaeleza wiki zilizopita mkanilaumu weee, ni hii. Kichwa cha Kisiki kimechoka. Miaka yote ya kupiga mipira ya juu, kula viwiko, kugongana na vichwa vya watu na milingoti ya goli, imemfikia. Anasahau. Katikati ya mechi anasahau anamkaba nani. Siku nyingine anasahau nani anaongoza. Kwa hiyo zile kelele zangu zote ni zake. "Shemeji, mgongoni!" "Shemeji, rudi!" "Shemeji, mbane huyo mrefu!" Nampa kazi mojamoja, kama unavyomtuma mtoto dukani. Akisikia sauti yangu anafanya, na akifanya hakuna beki wa kumfikia.

Daktari ambaye nilimpeleka kwake kwa siri alisema mtu huyu asiguse mpira kwa kichwa tena maishani. Alisema pigo moja jingine linaweza kummaliza kabisa. Kisiki akaniapisha palepale kwenye korido ya hospitali nisimwambie mtu, na zaidi ya wote dada yangu. Nikaapa. Tangu siku ile kila mpira wa juu nautokea mwenyewe kwa ngumi, "Acha, wangu!", mpaka mabega yanawaka moto, ili mradi yeye asiruke.

Jumamosi ile mambo yakaenda mrama. Kabla ya mapumziko alikula kiwiko cha sikio. Kipindi cha pili kikianza huwa namshika jezi najifanya namgombeza, kumbe namwelekeza upande wetu, maana timu zikibadilishana magoli yeye huchanganyikiwa. Siku ile glavu yangu ilichanika, nikachelewa kutoka. Akaingia peke yake.

Ikaja kona langoni kwetu. Nimezibwa na watu, siwezi kutoka, na mdomo wangu mwenyewe ukaropoka neno la miaka yote: "Wako, shemeji!"

Akaruka. Kichwani mwake tulikuwa tunashambulia goli lilelile la kipindi cha kwanza. Akaupiga mpira kwa kichwa kama mshambuliaji, chini, pembeni mwa mlingoti. Halafu akakimbia mpaka kwenye kibendera cha kona, akatanua mikono, akasubiri tumkumbatie.

Hakwenda mtu.

Kesho yake picha ile ilikuwa kila mahali. Kisiki ameuza mechi, na bila haya ameshangilia! Dada yangu anashona sare za shule pale nyumbani kwao. Wateja wakaanza kuja kuchukua vitambaa vyao kabla havijashonwa, eti wameghairi. Mmoja hakusema hata ameghairi. Alinyoosha mkono tu.

Jumanne nilimkuta Kisiki amekaa uani kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, anapiga brashi viatu vya mpira. Vilikuwa vinang'aa. Vilikuwa vinang'aa tangu Jumapili.

"Shemeji, kesho kamati inatuita."

"Najua."

"Utawaambia nini?"

"Nitawaambia niliteleza."

"Uliteleza, halafu ukakimbia mpaka kwenye kibendera umetanua mikono? Kuteleza gani huko?"

Akacheka. Na mimi nikacheka, bila kupenda. Tumecheka pamoja miaka mingi mno, mdomo umeshazoea.

"Basi waseme nimeuza," akasema.

"Wakisema umeuza, wanakufungia."

"Shemeji, mwizi hufungiwa, halafu msamaha unatoka, anarudi uwanjani. Umeona wangapi? Sasa mwenye kichwa kibovu, umewahi kumwona amerudi?"

Nikageuzia maneno kwingine.

"Na wanao? Waitwe watoto wa mwizi?"

"Afadhali watoto wa mwizi kuliko watoto wa chizi."

"Lakini daktari alisema..."

"Shusha sauti!" Akageukia dirisha. Ndani cherehani ilikuwa inakwenda, trrrr, trrrr. "Dada yako asisikie. Uliniapia, shemeji."

"Niliapa."

"Basi yaishe."

Akapiga brashi kiatu kimoja, akakigeuza, akakipiga tena. Kisha akaniuliza, taratibu, kama mtu anayeomba chumvi:

"Hivi shemeji, ile mechi tulishinda?"

Jamani. Niliinamisha kichwa nikajifanya nafunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa ndala.

"Tulitoka suluhu," nikamwambia.

"Afadhali," akasema, na uso wake ukatulia.

Nilirudi kwangu kwa miguu, njia nzima naongea peke yangu, watu wananipisha. Mtu huyu yuko tayari kupakwa matope, na mkewe apakwe, na wanawe wapakwe, ili mradi aachiwe mlango wa kurudia uwanjani akapigwe tena kichwani. Ndipo nikapiga moyo konde. Kesho nitavunja kiapo. Anichukie mpaka anizike, lakini anizike yeye, nisimzike mimi.

Kamati ilikutana kiwandani, ghorofani, juu ya karakana ya kukatia sponji. Chumba kinanuka gundi. Ukutani yameegemezwa magodoro ya maonyesho ndani ya nailoni, na mtu akichoka kukaa kwenye kiti anaegemea godoro. Mkeka wa vumbi la njano umetanda kila mahali, hata kwenye vikombe vya maji.

Mwenyekiti ndiye meneja wa kiwanda. Kulia kwake alikaa mweka hazina, mtu asiyecheka hata akitekenywa. Kushoto, kocha. Pembeni, daktari wa timu, ambaye tunamwita daktari kwa heshima tu, maana kazi yake ni kuchua misuli na kupuliza ile dawa ya baridi.

Kisiki alikuja amevaa shati jeupe, limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Akakaa wima. Hakuniangalia.

Kabla hatujaanza, kocha akamwaga machozi yake. "Mwenyekiti, mimi nasema mapema. Sina beki. Wa kushoto goti limepasuka. Wa kati yule kijana ana kadi nyekundu. Mwingine ameondoka kambini bila kuaga, simu haipatikani. Jumamosi tunacheza na timu ya Wazima Moto. Tukifungwa tunashuka daraja. Mkinichukulia na Kisiki, nipangieni magodoro haya niyasimamishe golini."

Hakuna aliyecheka isipokuwa mimi, kidogo, kwa woga.

"Redio," mwenyekiti akaniita. "Wewe ndiye uliyefungwa, na huyu ni shemeji yako. Kila siku unaongea usiposemeshwa. Leo unasemeshwa. Ameuza mechi au hakuuza?"

Nikasimama. Mikono sijui niiweke wapi. Golikipa bila glavu huwa hajui afanye nini na mikono.

"Hakuuza, mwenyekiti. Anaumwa."

"Anaumwa nini?"

"Kichwa. Si kuumwa kwa kumeza vidonge. Ubongo. Anasahau. Jumamosi alisahau kwamba tumebadilisha magoli. Alidhani anafunga kwenye goli la wapinzani."

Chini msumeno wa sponji ulikuwa unalia, kisha ukanyamaza.

Nikaendelea, maana nilijua nikisimama nitashindwa. Nikawaeleza kelele zangu ni za nini. Nikawaeleza ya jezi. Nikawaeleza ya daktari na lile pigo moja jingine. Nikawaambia, "Msimfungie kwa wizi, si mwizi. Mstaafisheni kwa heshima, mpeni kazi kiwandani, lakini asiruke tena kupiga mpira."

Nilipomaliza kifua kilikuwa chepesi. Nilidhani nimemwokoa.

"Kapteni," mwenyekiti akasema. "Umesikia."

"Nimesikia."

"Ulikwenda hospitali na shemeji yako?"

"Nilikwenda. Tulimpeleka mwanangu wa mwisho, alikuwa na homa."

Na kweli siku hiyo ya homa ilikuwepo. Lakini ilikuwa siku nyingine, hospitali nyingine. Nikamtazama usoni nione kama anadanganya au ameyachanganya, na hadi leo ninapoandika haya sijui. Hilo ndilo linaloninyima raha kuliko yote.

"Huyo daktari mlete hapa," mweka hazina akaniambia.

"Nilimpigia asubuhi. Anasema siri ya mgonjwa haitoi mpaka mgonjwa mwenyewe aridhie."

"Haya, mgonjwa, unaridhia?"

"Mgonjwa gani?" Kisiki akauliza.

Wakacheka wote, isipokuwa mweka hazina. Kicheko cha nafuu, kile cha watu waliokuwa wanatafuta pa kutokea na mlango umefunguka. Nikaanza kuona mambo yanakwenda wapi.

Daktari wetu wa kuchua misuli akainuka, akajikohoza. Akamwambia Kisiki afuate kidole kwa macho. Akafuata. Asimame kwa mguu mmoja. Akasimama, bila hata kuyumba, kwa kweli alisimama vizuri kuliko daktari mwenyewe. "Mzima," daktari akatangaza, akarudi kuegemea godoro lake.

"Na mimi niulize mawili matatu," mwenyekiti akasema. "Kapteni, leo siku gani?"

"Jumatano."

"Jumamosi tunacheza na nani?"

"Wazima Moto. Uwanja wetu, saa kumi jioni."

"Jumamosi iliyopita ilikuwaje?"

"Tulifungwa moja bila. Nilijifunga mwenyewe, kipindi cha pili, mpira wa kona. Nilitaka kuutoa ukanikatika. Nilinyanyua mikono kuwaomba radhi mashabiki, watu wakatafsiri wanavyotaka."

Macho yalinitoka pima. Jana tu alikuwa ananiuliza kama tulishinda! Na nitawaambia kitu cha aibu: kwa dakika ile nilifurahi. Nikasema moyoni, amepona. Kumbe mimi ndiye mjinga, na daktari naye mjinga, shemeji yangu amepona. Nilitaka kumkimbilia nimkumbatie mbele ya kamati nzima.

Simu ya mwenyekiti ikalia. Akainama kuitafuta mfukoni, akaitazama, akaizima. Hakuna aliyekuwa ameuliza kitu.

"Watatu," Kisiki akasema.

Mwenyekiti akainua uso. "Nani watatu?"

"Wa kwanza yuko darasa la sita, wa pili la tatu, wa mwisho bado yuko nyumbani na mama yake."

"Ala! Kapteni, watoto wako mbona hatujawauliza?" Kocha akapiga paja lake kwa kicheko. "Huyu ana haraka ya kwenda mazoezini!" Hata mweka hazina alilegeza mdomo. Kisiki naye akacheka, kwa kuchelewa, akiwaangalia wenzake wanavyocheka.

Mimi sikucheka. Nikakaa bila kuambiwa. Alikuwa anajibu swali ambalo zamu yake ilikuwa haijafika. Mtu alikuwa amempangia yale maswali kwa mfuatano, akamkaririsha, na yeye kayabeba hivyohivyo yalivyopangwa. Na ndani ya nyumba ile mtu mzima mwingine ni mmoja tu.

Nilitaka niseme. Lakini ningesema nini? Mkewe amemfundisha kusema leo ni Jumatano? Na leo ni Jumatano kweli!

"Basi," mwenyekiti akasema, akijifuta vumbi la sponji kwenye mkono wa koti. "Ya kuuza mechi hayana ushahidi. Ya ugonjwa tumejionea. Mpira una bahati mbaya yake. Kapteni, Jumamosi unaongoza timu."

"Ahsante, mwenyekiti."

"Mwenyekiti, atakufa!" nikapiga kelele, ile sauti yangu ya uwanjani, mpaka nailoni za magodoro zikatikisika.

"Wewe," mweka hazina akaninyooshea kalamu, "umekuja hapa kumzika shemeji yako angali hai. Kwa faida ya nani? Tukimwondoa Kisiki Jumamosi, nani anafurahi? Si Wazima Moto?"

"Nifungieni mimi. Nifungieni maisha. Yeye msimchezeshe."

"Kwa hiyo unakubali kwamba wewe ndiye uliyeuza?"

Redio nzima ikazimika.

Ndipo Kisiki akasimama. Akanitazama kwa mara ya kwanza siku ile, na hakuwa na hasira hata chembe. Afadhali angekuwa nayo.

"Mwenyekiti, shemeji yangu ni mtu mwema," akasema. "Msimwonee. Amechoka tu. Amekuwa na mawazo mengi siku hizi. Mpeni apumzike."

Wakanipumzisha. Nimesimamishwa mpaka uchunguzi utakapokamilika, nisikanyage mazoezini, nisikanyage vyumba vya kubadilishia nguo. Glavu nilizokuja nazo mfukoni nikaziacha mezani kwa mtunza vifaa, naye akazipokea bila kuniangalia machoni.

Kocha alimbakisha Kisiki kwa maongezi ya Jumamosi. Mimi nikashuka ngazi peke yangu, nimeshika ukuta kama mzee.

Dada yangu alikuwa chini, kando ya malori yanayopakia. Amejifunga kanga mbili, na sindano ya cherehani bado imechomekwa begani kwenye blauzi, alivyotoka kwa haraka. Aliponiona akanijia mbio.

"Kaka, vipi? Wamemwachia?"

"Wamemwachia."

"Alhamdulillahi!" Akashika kifua kwa mikono miwili, macho yakamlengalenga. "Nilijua. Nilijua tu. Wamesema si mwizi?"

"Wamesema si mwizi. Wamesema ni mzima kabisa."

"Mzima kabisa," akarudia, na nilimwona anavyolionja neno lile.

"Ulimfundisha."

"Nini?"

"Leo siku gani. Jumamosi tunacheza na nani. Mechi ilikuwaje. Watoto wangapi. Ya watoto aliyasema kabla hajaulizwa, dada. Ulimfundisha."

Aliniangalia. Nilidhani atakana. Badala yake alikaa juu ya godoro lililokuwa linasubiri kupakiwa, na mpakiaji aliyetaka kumfukuza akaona uso wake, akaenda kubeba jingine.

"Kila asubuhi," akasema. "Akiwa anakunywa chai. Naanza na siku, namalizia na watoto. Naye ananifuatisha. Akitoka nje nasikiliza hatua zake mpaka zipotee, halafu ndiyo nakaa kwenye cherehani."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipomtuma kumchukua mtoto shuleni akarudi mikono mitupu. Akasimama mlangoni akaniuliza, mke wangu, ulinituma nini?"

"Na hukuniambia! Mimi, kaka yako!"

"Ningekwambia ungemwambia kocha. Angetolewa. Unamjua shemeji yako, akitolewa mpira atakaa kwenye ile ngazi ya uani mpaka afe. Na yeye aliniapisha. Alisema, yeyote ajue, lakini shemeji yangu asijue, yaani wewe."

Nikakaa kando yake. Godoro likatumbukia upande wangu. Sikujua nicheke au nilie. Mtu mmoja ametuapisha wawili, kila mmoja asimwambie mwenzake, na kati ya mambo yote aliyosahau, hilo hakulisahau. Mimi namwongoza uwanjani, dada yangu anamwongoza nyumbani, na kila mmoja anabeba mzigo wake kimyakimya akidhani anamlinda mwenzake. Laiti tungeongea siku moja tu, nyie! Siku moja!

"Kumbe ndiyo maana unapiga kelele vile?" akauliza.

"Ndiyo maana."

"Mimi nilikuwa naona aibu. Wake za wachezaji wananiambia kaka yako ana domo, na mimi nakubali." Akajifuta pua kwa ncha ya kanga. "Nilijua leo watampima. Nikasema wakimwona mzima watafuta maneno ya wizi, watoto waende shule kwa amani. Nimekosea?"

"Wakimwona mzima wanamchezesha, dada. Jumamosi anacheza."

"Si utakuwepo nyuma yake?"

Akayatazama mapaja yangu, pale ninapowekaga glavu nikikaa. Hazikuwepo.

"Kaka. Golini anakaa nani?"

"Maji ya Mtungi."

Huyo ni kipa wetu wa akiba. Kijana mzuri, mikono yake inanata, na jina amelipata kwa utulivu wake. Lakini mtu yule hasemi. Salamu tu unamkamua. Na hatoki golini hata umvute kwa kamba. Mpira wa juu ukija, yeye anabaki kwenye mstari anangoja kudaka kitakachomfikia. Maana yake kila krosi ya Wazima Moto, na wale wana warefu watupu, itakuwa ya Kisiki.

Nikamweleza. Nikamweleza na maneno ya daktari, yote, neno kwa neno, yale ambayo yeye alikuwa hayajui. Alikuwa anajua kusahau tu, hakujua habari ya pigo.

"Mzuie," nikamwambia. "Wewe ni mkewe. Funga mlango Jumamosi, ficha viatu, mdanganye siku. Akikuuliza, mwambie ni Ijumaa!"

Akafikiri. Mungu anisamehe, nilimwona anafikiri kweli.

"Sitafanya hivyo," akasema mwishowe. "Kocha ataleta gari mlangoni. Na siwezi, kaka. Kitu pekee anachokiamini duniani ni kwamba nikimwambia leo ni siku fulani, ni siku hiyo. Nikimdanganya mara moja, atashika nini?"

Juu yetu mlango wa kamati ukafunguka. Tukasikia sauti ya kocha, na sauti ya Kisiki, anacheka, kicheko cha mtu aliyerudishiwa maisha yake. Wakaanza kushuka ngazi.

Dada yangu akanishika mkono wa shati kwa nguvu.

"Nyuma ya goli kuna mtu anakaa?"

"Waokota mipira. Na wapiga picha."

"Mwanamke akisimama pale watamfukuza?"

"Dada, usianze."

"Nimekuuliza, watamfukuza?"

"Hawatamfukuza. Lakini sauti yako..."

"Sauti yangu anaijua kuliko yako." Akainuka, akakaza kanga kiunoni. "Nitasimama nyuma ya Maji ya Mtungi dakika zote. Nifundishe maneno. Mtu akiwa mgongoni kwake nasemaje?"

"Mgongoni."

"Akitakiwa kurudi?"

"Rudi."

Hatua zilikuwa zimefika kwenye kona ya ngazi. Dada alikuwa anarudiarudia kwa midomo, mgongoni, rudi, mgongoni, rudi, kama mtoto anayetumwa. Halafu akasimama, akanigeukia.

"Na mpira wa juu ukija, kaka? Nikimwambia acha, ni goli, mnashuka daraja, watamla nyama. Nikimwambia wako, ataruka." Macho yake yalikuwa makavu kabisa. "Mpira wa juu ukija, nimwambie nini mume wangu?"